Ng'ombe Asiye na Matiti

Shangazi Nekesa, hujambo huko Bungoma? Baridi ya Kitale inauma vidole hadi chaki inaniponyoka.

Leo nimefundisha sanaa darasani mara ya kwanza, mkufunzi wa chuo akiwa nyuma ananipima. Nikishindwa, ualimu basi. Kwa woga nikachora ng'ombe ubaoni, nikasahau matiti. Watoto wakamnakili hivyo hivyo, ati mwalimu hakosei!

Msichana mmoja tu akauliza, "Mwalimu, hii ng'ombe yako si tutakunywa tu chai ya strungi, bila maziwa?"

Darasa likacheka, nami nikacheka mpaka sauti yangu iliyokwama kwa woga ikatoka: "Basi kila mtu achore wa kwao."

Msichana yule akamchora mamake akikamua, shavu limelala ubavuni mwa ng'ombe. Nani alimfundisha kutazama hivyo?

Alama sijaambiwa, Shangazi, lakini kesho natamani kurudi. Nakupenda, ujifunike vizuri.

Wako, Naliaka