Vidonge Alivyonitunzia Mama

Iyunga, Mbeya
Juni, 1974

Kwako dada yangu Leonsia,

Kamwene, dada. Nakusalimu mimi mdogo wako, nimeketi kitandani na mto mgongoni. Habari za Kalenga? Mmemaliza kuvuna mahindi? Shemeji mgongo umepoa? Huku baridi inauma mpaka kwenye meno. Sitakuficha, mimi naumwa. Kama mama amekaa hapo akingoja umsomee, mwambie barua hii ni ya shemeji, uisome kwanza peke yako.

Habari za mguu wangu unazijua, jinsi taruma la reli lilivyoniangukia nikafungwa plasta hadi pajani. Plasta ilipotolewa mguu ukavimba upya. Daktari akasema damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge lile likipanda kifuani naweza kufa hapo hapo. Akanipa vidonge vya kuzuia damu isigande. Nimekuwa nikienda kupimwa damu mara kwa mara, maana vikizidi nguvu, mtu anatoka damu bila kukatwa. Ndiyo sababu niliwaandikia kwamba nimekatazwa dawa za kienyeji, nawe ukamsomea mama.

Mama alisikia, tena alisikia vizuri mno. Alipokuja kunitazama baada ya Pasaka hakuleta mzizi hata mmoja, wala yale majani yake ya kifua ambayo sisi sote tumekunywa tangu utoto. Alinikuta nakohoa makohozi mazito na homa imenipanda. Akafungua pindo la khanga, akatoa vidonge vya rangi mbili. Alipewa zahanati alipougua kifua wakati wa mvua. Alimeza nusu, na nusu akanitunzia mimi.

"Hizi si za miti, baba," aliniambia. "Hizi za hospitali kabisa. Huyo daktari wako atasema nini tena?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, dada. Yeye mwenyewe alikuwa bado anakohoa! Nikameza. Kikohozi kikakatika, na mama akapanda basi la kurudi huko akijiita daktari wa Kalenga. Tulicheka sana siku ile, mimi na Sekela, mke wangu.

Hatukucheka tena. Fizi zilianza kutoa damu nikipiga mswaki. Mapajani yakatokea madoa meusi, kama nimepigwa rungu. Kisha mkojo ukawa mwekundu, na asubuhi moja pua ikatoka damu ikakataa kusimama. Sekela alinikingia kwa vitenge viwili, vyote vikalowa. Wenzangu wa kazini wakanipakia kwenye gari la kokoto kunipeleka hospitali.

Daktari aliniuliza, "Umekunywa dawa za kienyeji?"

"Sijanywa."

"Sema kweli. Watu wa kwenu nawajua."

"Haki ya Mungu, daktari, sijanywa."

Na kweli sikuwa nimekunywa. Akamgeukia Sekela. Naye akamjibu kwa heshima zote, "Hapana, daktari. Mama mkwe alileta za hospitali tu, zile za rangi mbili." Daktari akavua miwani. Akatueleza kwamba dawa ile ya kifua ni nzuri na hii ya damu ni nzuri, ila zikikutana mwilini, ile ya kifua inaizidishia nguvu hii nyingine mpaka damu haizuiliki. Sisi tulidhani za hospitali zote ni ndugu. Nani alituambia vinginevyo?

Shemeji yangu wa Tukuyu, kaka yake Sekela, ndiye aliyenitolea damu. Sasa ninayo damu ya Kinyakyusa, msishangae nikija nadai ndizi kila mlo. Lakini utani huu ni wa mdomoni tu. Damu imesimama, ila ilibidi waniachishe ile dawa ya mguu, na mguu umeanza kuvimba tena. Juzi wamenianzishia upya, kidogo kidogo. Daktari hanidanganyi: damu yaweza kutoka tena, na bonge laweza kupanda. Naogopa, dada. Kila nikivuta pumzi nasikiliza kifua.

Na jana kondakta wa basi amenipa salamu za mama. Anasema anakusanya vidonge vya rangi mbili kwa majirani waliobakiza, aniletee akishauza mahindi. Nilitaka umdanganye, umwambie nimepona, sihitaji. Hata Sekela alisema, "Mwache mama wa watu, atakufa kwa uchungu." Lakini nimefikiri sana. Hapa kambi ya reli watu wanasema tayari kwamba vidonge vya mama ndivyo vilivyonimwaga damu, na huko Tukuyu wakwe zangu wanasema hivyo hivyo.

Nisalimie shemeji, na baba mdogo mpiga kengele wa kanisa, na shangazi wa Ipogolo. Watoto wako wabusu kwa niaba yangu.

Mama umwambie, dada. Umwambie mkiwa wawili tu, mnapukuchua mahindi, mikono yake iwe na kazi. Usimpunguzie neno. Nikifa, habari hii itasemwa matangani, ataisikia kwa watu, na mimi sitakuwepo kumtetea. Bora aisikie leo, wakati ningali hai naweza kumwambia kwamba simlaumu.

Mdogo wako,
Desideri