Sahani Isiyo na Watu

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla Pasaka haijafika, maana baba amesema mdogo wangu Nahomi akiendelea kukataa chakula mpaka siku hiyo, atampeleka kwa bibi kule Lalibela, na mimi siwezi kuiwazia nyumba hii bila yeye. Nina miaka kumi na sita, nasoma hapa Dessie. Baada ya mavuno mama alikwenda Beiruti kufanya kazi za ndani akaniachia Nahomi wa miaka mitatu na Tirunesh wa miaka mitano, na kwa kuwa sikujua kulea nikasoma kitabu cha afya shuleni, nacho kilisema mtoto ale saa zilezile kila siku, awe na sahani yake, ajilishe mwenyewe, basi nikaliweka kando sinia letu kubwa, nikawakatia mkate wa injera kila mtu kwenye sahani yake na mchuzi wa shiro pembeni, nikakomesha kabisa gursha, yale matonge tunayotiana mdomoni, nikidhani ndiyo yanayowadekeza.

Tirunesh anakula kidogo. Nahomi anafumba mdomo. Juzi nikamuuliza, "Kwani chakula kibaya?" Akasema, "Sahani hii haina watu." Shangazi Zenebech alicheka mpaka akashika mlango. "Wee Hirut, umewagawia ndugu chakula kama abiria wasiojuana!" Mimi kujibu watu siwezi, nikakusanya sahani. Lakini Jumapili mama akipiga simu, Nahomi anaachama mbele ya kioo cha simu akisubiri tonge, na mama anageuza uso, kisha anasema mtandao mbaya.

Nimekosea wapi?

Hirut, Dessie

*

Hirut mwanangu,

Shangazi yako ana ulimi, ila hapo kasema kweli. Saa ulizopanga ni nzuri, usiziguse. Kosa ni sahani. Watoto wameondokewa na mama, nawe ukawaondolea na mkono uliokuwa ukiwalisha. Ulitaka nini, washangilie?

Teremsha sinia leo hii. Naweni mikono pamoja, Nahomi ashike birika. Gursha ya kwanza mpe wewe, ya pili ampe Tirunesh, kisha Nahomi naye awalishe nyinyi, hata akikupaka shiro puani. Baada ya hapo ajilishe. Akikataa, usimkimbize uani na tonge mkononi. Ondoa chakula, ngojeni saa nyingine, na kama anatafuna kolo, zile nafaka za kukaanga, kila dakika, zikome. Jumatatu mpeleke zahanati apimwe uzito. Baba yako anahitaji kuambiwa kwamba mtoto anayemwona mama kwenye simu hastahili kumwona dada yake humohumo. Ukiona haya kusema, mwachie gazeti hili mezani, ukurasa huu ukiwa juu.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali unapokula wewe. Sijapaona. Unakula umesimama jikoni, walichobakiza, sivyo? Acha hiyo tabia. Keti siniani, na mdogo wako akikunyooshea tonge, usimwambie umeshiba. Aliyeondoka ni mama yako pia.