Majembe Mapya Yaliyokatika Kaburini kwa Baba

Ni mwaka mmoja sasa, Baba yetu Rupert Mapunda, tangu tukulaze makaburini Msamala, Julai 1997. Wewe umepumzika na joto la kiwanda. Sisi hasira bado hazijatuisha.

Miaka kumi na tisa ulisimama mbele ya tanuru ukikomaza majembe kwa moto yawe magumu. Kipimo cha joto kilikufa tangu enzi za shirika la umma, ukabaki na macho yako. Uliziba madirisha kwa magunia ili gizani uione rangi halisi ya chuma. Kikifika wekundu wa nyanya mbivu, unakizamisha kwenye mafuta. Ukirudi nyumbani nyusi zimeungua, unamtania Mama: "Notburga, leo nimenyolewa bure."

Kisha kiwanda kikauzwa, akaja Bwana Meneja na tai yake. Tanuru hakuwahi kulisogelea, jasho lingemharibia shati. Akaamuru magunia yang'olewe.

"Mzee Rupert, kwenye soko huria hatufanyi kazi gizani."

"Bosi, mwanga ukiingia chuma kinanidanganya. Nitakiunguza, kikatike."

Akacheka. Mtu asiyejua hata kushika koleo alikucheka wewe! Majembe yakaanza kukatika kama biskuti, na barua ikakujia wewe: umefukuzwa kwa uzembe. Neno hilo lilikuuma sana. Kila jioni uliikunjua barua, ukaisoma, ukaikunja. Ulitaka neno lile lifutwe tu, ukafa halijafutwa.

Asubuhi ya mazishi Bwana Meneja akaleta mchango wa kampuni: majembe mapya manne, lebo zingali zimebandikwa. Vijana wakaanza kuchimba nayo. La kwanza likakatika kwenye changarawe, la pili likafuata, yeye amesimama pale pale. Swalehe wa Tunduru, mwenzako wa tanuruni, akamgeukia.

"Bosi, na haya nayo kayachoma marehemu?"

Mwanao Pankrasi akaenda nyumbani Mfaranyaki kuchukua jembe lako la mwaka 1984, ulilolichoma mwenyewe gizani, na ndilo lililomaliza kaburi. Kabla jeneza halijafika, mji wote ulishajua mzembe ni nani. Barua yake ya kukufukuza tuliwashia moto wa chai ya matanga.

Unakumbukwa na mkeo Notburga, wanao Lidwina, Pankrasi na Ida, na rafiki yako Swalehe. Misa ni Jumapili. Bwana Meneja naye anakaribishwa, ila asilete jembe.

Tutakukumbuka daima, Baba. Jembe lile lako tunalimia hadi leo, halina hata ufa.