Mutua Amemuua Syntarsus Wangu

Jumapili, Julai 1988. Baridi kali, manyunyu tangu asubuhi, na mimi nimenuna kama hii hewa.

Niaje, beste yangu wa kurasa! Leo sijifichi. Niko na wivu. Wivu mpaka chai imenishinda.

Mutua ni jirani yangu hapa Ziwani, kijana wa mchonga vinyago. Jana kwa ukumbi wa mtaa, pale vijana hukutana Jumamosi kuambiana vitu wamesoma, alisimama akanimaliza mbele ya watu.

Hapo mimi ndiye Syntarsus. Ndivyo wananiita, juu ni mimi nilileta habari zake: dinosau mdogo, mla nyama, anakimbia kwa miguu miwili, mmoja wa wale wa kwanza kwanza. Na mifupa yake ilichimbwa Zimbabwe. Wa kwetu! Nilimsoma maktaba, peke yangu, nikitoka kibarua Industrial Area na unga kwa nywele.

Sasa Mutua amepata gazeti la sayansi. Eti kuna wataalamu wanaona Syntarsus ni yule yule Coelophysis wa Amerika. Na kwa sheria yao, jina lililotangulia, yaani Coelophysis, ndilo linabaki.

Nikaruka juu. "Wacha zako! Kwetu binamu wote wanaitwa Kamau, wamechukua jina la guka, babu yetu. Hiyo inawafanya mtu mmoja?"

"Hao ni watu wengi, jina moja," Mutua akasema, pole pole. "Huyu ni mmoja, majina mawili. Kama wewe: nyumbani Kamau, kanisani Josphat."

Ukumbi mzima kicheko.

"Syntarsus, umezikwa!" Wambui akapiga kelele. Wambui! Yule huniwekea kiti.

Nikajitetea na mifupa ya kifundo cha mguu: ya Syntarsus imeshikana, ya Coelophysis haijashikana. Mutua akajibu hata ya yule wa Amerika, akikomaa, hushikana.

Hiyo nilikuwa najua. Niliombea yeye asijue.

Na leo baada ya kanisa amekuja kwangu na kitu kwa gunia. Dinosau wa mti wa jacaranda. Mkia mrefu, vidole vyembamba, shingo imepinda kama amesikia mtu. Jumamosi ijayo walimu watakuja kuona kazi zetu, na huyu atakaa mbele kabisa. Lakini chini, pale pa jina, Mutua ameacha wazi.

"Choma jina wewe na msumari wa moto, buda. Ni wewe ulitufunza huyu mnyama. Lenye utaandika, mimi sipingi."

Heri angenitukana.

Wataalamu wenyewe bado wanabishana, kwa hivyo nikiandika Syntarsus, nani ataniita mwongo? Nitabaki na jina langu, na kiti changu. Shida ni moja: nimesoma lile gazeti lake mara mbili, na naamini Mutua ndiye ako sawa.

Nikiandika Coelophysis, nimeshika msumari kwa mkono wangu nikajifuta. Na sifa zote zinaenda kwake. Mikono yake inachonga, mdomo wake unashinda, na bado ako na roho safi. Sasa mimi aniachie nini?

Msumari uko kwa jiko, umeshakuwa mwekundu. Mutua ameenda kumwita Wambui aje aone nikiandika.

Beste, ungekuwa wewe, ungechoma jina gani?