Wavu uliorudi umekunjwa

Mwenzangu, upo? Mikono yangu bado inanuka chumvi na samaki.

Unakumbuka nilivyomsifu mdogo wangu wiki iliyopita, kwamba amenirudishia wavu umekunjwa vizuri? Ulikuwa umekunjwa, ila ulikuwa mbichi, haujakauka. Nami nikautumbukiza bwawani kwangu siku ileile.

Leo asubuhi nimekuta perege tisa wamekufa, na wengine wana ukungu mweupe mgongoni kama pamba.

Nikaenda mbio kwake kumwonya. Kumwonya, mwenzangu. Nikamkuta amechuchumaa mbele ya beseni la maji ya chumvi, anawaogesha wa kwake. Ati wanaugua, ni wiki ya tatu sasa.

Nikamuuliza, "Ulipoazima wavu, ulikuwa unajua?"

"Dada, ningekuambia usingeniazima."

"Ningekuazima. Ukirudi ningeuloweka kwenye chumvi na kuuanika juani siku mbili, basi."

Akaendelea kuchota maji. Nikarudia, "Ningekuazima."

Ndiye mtoto niliyembeba mgongoni mama alipougua.

Nilipoondoka, wifi yangu, mkewe, amenikimbilia hadi njiani na ndoo ya chumvi, miguu mitupu, analia. Huyo Mungu ambariki. Chumvi yake ndiyo nimewaogeshea waliobaki, sijui watapona wangapi.

Wavu nimeuanika uani. Nilipokuwa nauanika ndipo nikakumbuka alivyokuwa ameukunja, pembe kwa pembe, kisha katikati. Ndivyo nilivyomfundisha kukunja shuka lake akiwa na miaka sita.