Sinyati hayumo kwenye kijitabu

Tanga, 3 Machi 2025

Mama Ndeshi, leo natimiza miaka ishirini na minne nje ya Karatu, na uvumilivu umeniishia. Mwaka 1995 mimi na mdogo wangu Hhando tulifungua huko ofisi ya uwakili ya kutetea majeruhi wa ajali, chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea, na sasa binti yangu Angelina, ambaye ndiye anayeiendesha, ametunga kijitabu cha historia ya miaka thelathini, kinasema tulianza na vyumba vitatu, si kweli, kinasema tulianza 1994, si kweli, na kinasema hatujawahi kushindwa kesi ya mteja wetu wa kwanza, na hilo kwa bahati mbaya ni kweli, maana kesi yenyewe haikufika mahakamani. Mteja huyo alikuwa Sinyati wa Malambo, msichana aliyegongwa na lori la vitunguu mnadani akakatwa mguu, mwenye lori akaja na ng'ombe saba wa fidia mbele ya wazee, baba yake Sinyati akataka kupokea, mimi nikamwambia akatae, mahakama itampa zaidi, kisha nikaandika hati ya madai mara kumi na moja ili ipendeze, hadi muda wa kisheria wa kufungua kesi ukapita. Akakosa fidia, akakosa na ng'ombe. Nikahama kwa aibu.

Nimempigia Angelina kumuuliza Sinyati yuko ukurasa gani.

"Sinyati ndiye nani? Baba, hiki ni cha sherehe, watu watakula pilau, nani atasoma? Wewe njoo tu ukate keki."

Nimemwambia mgongo unauma. Nifanyeje?

Mzee L.H.

Mama Ndeshi anajibu: Shikamoo, mzee wangu. Pole, mzigo huo ni mzito. Lakini umelalamikia vyumba, ukalalamikia mwaka, ndipo ukamkumbuka mwenye mguu. Bado unapamba hati. Na binti asiyemjua Sinyati hajadanganya. Aliyenyamaza ni wewe.

Leo hii mwandikie Angelina ukurasa mmoja: jina la Sinyati, lori, ng'ombe saba, na nani alichelewa. Andika mara moja, usirekebishe. Kabla kijitabu hakijachapwa, aende Malambo akamsomee Sinyati ukurasa huo, amuulize anataka nini kutoka ofisi iliyoanza na mguu wake. Na Sinyati akisema ukurasa usichapwe, usichapwe.

Keki waikate wenyewe. Kama hukuweza kufika kwa Sinyati, kwenye keki utafuata nini? Mgongo nao uache, umeusingizia vya kutosha. Chini ya ukurasa andika lililo kweli: sitarudi, naona aibu. Kisha weka saini.