Dirisha la Kushonea

Tarehe 3 Juni

Mama,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ila mjukuu wako ameota jino na kidole changu ndicho chakula chake. Baba hajambo?

Chumba cha nyuma nimeshakipaka rangi. Sijasahau ulichoniambia siku mnaondoka: mkimaliza pwani yote ya majabali na baba hajasikiliza neno lako hata moja, unahamia kwangu, yeye abaki na randa zake. Sikusukumi, mama. Nataka tu kujua kama ninunue kitanda.

Kitinda mimba wako

Tarehe 9 Juni

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Tu wazima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Mbusu huyo mwenye jino.

Barabara inapita ukingoni kabisa, bahari iko chini inapiga kelele, na baba yako anaivuta karavani, hiki chumba chetu cha magurudumu, kwa pikapu kama anayempelekea mteja kabati. Kaiunda mwenyewe, kwa hiyo kila msumari lazima usifiwe. Juzi kwenye njia panda nilimwambia kulia. Akapinda kushoto, tukalala kwenye machimbo ya kokoto. Asubuhi ananiambia, "Nilitaka tuone machimbo."

Tangu anioe, fundi seremala huyu hajawahi kutamka "nimekosea".

Lakini siku ya mwisho kabla ya safari aliniongezea dirisha linalochomoza nje, na kiti chini yake, nishone huku naangalia maji. Hapo alinipata, sikatai. Hata hivyo, kitanda nunua.

Mama yako

Tarehe 22 Juni

Mama,

Shikamoo. Kitanda nimenunua, ila barua yako nyingine siioni na simu zenu hazipatikani. Mko salama? Mmegombana? Nikifumba macho naona majabali tu. Andika hata mstari mmoja.

Mwanao

Tarehe 27 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa wasiwasi. Tuko salama salimini.

Tulifika mahali barabara inapenya kati ya majabali mawili. Nikashuka na tepu yangu ya kushonea, nikapima pengo. Nikamuuliza baba yako upana wa karavani, akanitajia bila hata kufikiri. Tukaona inatosha. Akaingia, mara krrr! Dirisha langu likabanwa na jiwe.

Kumbe alinitajia upana wa ndani! Maisha yake yote anapima vyumba vya watu ili kabati liingie. Akasahau kwamba safari hii chumba chenyewe ndicho kinachopita mlangoni, na dirisha hakulihesabu kabisa.

Akashuka na msumeno alikate. Nikamwambia, "Ukilikata hilo, nami nashusha mkoba wangu hapa hapa." Kulikuwa na njia moja tu, kurudi kinyumenyume, na nyuma yetu genge la bahari liko pembeni ya barabara.

Akaurudisha msumeno garini. Kisha akasema, "Nimekosea vipimo, mke wangu. Niongoze."

Nikasimama nyuma na kitambaa cha njano. "Kulia! Kidogo! Simama! Sasa nyoosha!" Kila nilichosema alifanya, mtu ambaye hata chumvi hakubali kuambiwa imezidi. Machozi yalinitoka, sikufichi, lakini sikuacha kuongoza mpaka tukafika penye nafasi ya kugeuza.

Ikabidi tuzunguke milimani, ambako hakuna posta wala simu. Ndiyo sababu ya kimya changu. Dirisha lina mkwaruzo tu. Siku hizi kwenye njia panda ananiuliza, nikisema kulia anapinda kulia. Jana nilisema kulia, tukaishia kwenye machimbo mengine.

Akanitazama. Nikamwambia, "Nilitaka tuone machimbo." Tulicheka mpaka akashindwa kuwasha gari.

Kitanda usikirudishe dukani. Tukimaliza pwani tutakuja kukutembelea, kisha tutarudi kwetu, wote wawili. Kama ulinunua cha mtu mmoja, usijali, baba yako atakiongezea mbao.

Vipimo nitachukua mimi.

Mama yako